Mistari Miwili ya Vasantrao

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamka mapema. Nimeoga, nimemwekea ua jekundu Ganapati wa kabatini, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, nimekula poha ya mchele aliyonikaangia mke wangu Sulabha. Nimefika karakana hapa Bhosari nikiwa na amani tele. Amani imeishi mpaka chai ya kwanza.

Aniruddha katuita ofisini. Ndiye bosi siku hizi. Nilimbeba mgongoni alipougua surua, marehemu baba yake akiwa safarini. Leo ananionyesha kiti na kuniita Mzee. Kasema kuna habari njema. Bwana Nimbalkar wa Kolhapur, yule mwenye kiwanda cha halua za maziwa, anautaka Mkono wetu, ule wa chuma unaoendeshwa na kompyuta. Ukakoroge maziwa kwenye makarai yake makubwa, kuzunguka na kuzunguka, mpaka yawe mazito. Nikapiga makofi. Mimi peke yangu. Wenzangu walikuwa wameshasikia sharti.

Sharti ni Mkaguzi.

Mkaguzi si mtu, ingawa anajiona mtu. Ni programu inayosoma programu nyingine. Hawashi mashine, hangoji Mkono utikisike. Anapitia maandishi tu, mstari kwa mstari, kama mwalimu aliyeshika daftari la mtoto, na akiona asichokipenda anapiga wino mwekundu. Kaletwa na Mrunmayee, mhandisi wetu mpya, binti wa umri wa mwanangu Ketaki, anayekunywa chai bila sukari. Nimbalkar hataki kuona wekundu hata chembe. Aniruddha kasema sikukuu inaanza na sanamu ya Ganapati inaingia karakana Jumamosi, na mteja atakuwepo. Kama hadi hapo programu ya Mkono haijasafishika, itatupwa yote na Mrunmayee ataandika mpya.

Itatupwa.

Programu ile tuliiandika mimi na Vasantrao, mwaka tisini na nane. Mzee Limaye, babake Aniruddha, alinunua mkono wa chuma mnadani, umekufa, hauna ubongo. Watu walimcheka hadi stesheni. Vasantrao alikuwa fundi umeme. Mimi nilikuwa na cheti cha kompyuta kutoka darasa moja lililokuwa juu ya duka la viatu. Tukauandikia ubongo. Masika yote yale, umeme ukikatika kila tukikaribia jibu, disketi mfukoni mwa Vasantrao ndani ya mfuko wa nailoni, yeye anaendesha skuta, mimi nyuma nimeshika mwavuli ambao haukumfunika yeyote kati yetu. Siku Mkono ulipochora duara la kwanza hewani, Vasantrao alivua miwani akaifuta kwa shati, akasema ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha. Vumbi lilitoka wapi?

Mwaka wa nne huu hayupo. Miwani anayo mkewe. Duara ninalo mimi.

Haitupwi.

Jumanne, 3 Septemba

Mkaguzi kasoma. Alikuwa ameshamaliza kabla sijapuliza chai yangu ikapoa. Maonyo mekundu mia nne na ushee. Nilidhani skrini imeharibika.

Mrunmayee kaniomba tukae tupitie pamoja. Ana adabu, siwezi kumsengenya. Mjomba hivi, Mjomba vile. Kanieleza: hapa kitu kimepewa jina na hakitumiki popote. Hapa kitu kinatumika kabla hakijapewa thamani. Hapa faili linafunguliwa na halifungwi. Nikamwambia faili hilo liko wazi tangu mwaka tisini na nane na hakuna mwizi aliyeingia. Akacheka, ila onyo hakulifuta.

Tukafika kwenye duara. Mstari wa Vasantrao mwenyewe, nakumbuka na shati alilovaa. Unasema: pembe ikiwa sawa na mia tatu sitini, hesabu mzunguko umekwisha. Mkaguzi kaupaka wino kuliko yote. Mrunmayee kasema kompyuta haziwezi namba zenye nukta. Huziandika karibu karibu, makombo yanabaki. Ukijumlisha hatua zenye makombo unaweza kuikaribia mia tatu sitini na kuivuka bila kuikanyaga hata siku moja. Ndiyo maana kompyuta haiulizwi kama imelingana. Inaulizwa kama imefika au imepita.

Nikamwuliza kwa upole kama amewahi kuuona Mkono ukipitiliza. Kasema hapana. Nikamwambia basi.

"Haupitilizi kwa sababu mnaupeleka nusu digrii, nusu digrii," kasema. "Nusu haina makombo. Siku mtu akibadilisha hatua, Mjomba, ndipo utaona."

Nani wa kubadilisha? Nimeuliza moyoni tu, nisimuaibishe.

Nikitoka kazini nimepitia hekaluni. Ganapati ndiye mwondoa vizuizi, kila mtu anajua. Nimemweleza ni vizuizi mia nne na ushee, ila vidogo vidogo. Nimeacha nazi.

Jumatano, 4 Septemba

Ganapati kajibu haraka. Kanipa akili.

Mkaguzi kila akilalamika anataja mstari. Kwa hiyo, mistari ikiwa michache, malalamiko yatapata wapi pa kukaa? Nimeshinda kutwa nikiunganisha mistari kumi kumi iwe mmoja. Programu imekuwa fupi kama kadi ya harusi na ndefu upande kama reli ya Nagpur. Nimemwita Mkaguzi kwa kifua mbele. Kasoma. Maonyo yote yapo palepale, na jipya juu: mistari ni mirefu kupita kiasi.

Nimeanza kuitenganisha tena. Hapo ndipo nikakutana na Vasantrao.

Katika programu mtu anaweza kuandika maneno ya kawaida pembeni, kompyuta inayaruka. Wengine huandika maelezo ya kazi. Vasantrao aliandika maisha. Nilikuwa nimesahau. "Leo mvua. Dattu kachelewa, kasingizia treni." Dattu ndiye mimi. Chini kidogo: "Mke wa Dattu kaleta bhaji. Chumvi imezidi. Nimekula nane." Na pale kwenye kasi ya kiwiko: "Sielewi kwa nini hapa panafanya kazi. Panafanya kazi. Tusipaguse." Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Aniruddha kapita, kaniangalia, kaongeza mwendo.

Mkaguzi naye huyaruka maneno haya. Anasoma kila kitu ndani ya programu ile isipokuwa kitu chenyewe.

Nimemwuliza Sulabha kama bhaji zake za zamani zilikuwa na chumvi nyingi. Kaniuliza nani kasema. Nimesema hakuna. Leo sijapewa chatini.

Alhamisi, 5 Septemba

Mchana tulikula pamoja, mimi na Mrunmayee, kila mtu na kopo lake. Kwa kupiga soga tu kanidokeza kwamba Mkaguzi hukosea mara moja moja, na kwa ajili hiyo kuna alama ya kumnyamazisha. Unaiandika pembeni mwa mstari, naye anaupita kimya. Ila ni dawa kali, kasema, mtu anaitumia kwa nadra, na lazima aandike sababu.

Nimejifanya natafuta limau ndani ya kopo.

Saa zote za mchana nimeandika alama. Kila penye wekundu, alama. Vidole vimekufa ganzi. Na sababu nimeandika, maana mimi si mtu wa udanganyifu. Kila mahali nimeandika sababu ileile, ya kweli kabisa mbele ya Mungu: "Sababu: Vasantrao."

Kwenye mstari wa duara nimesita. Nilikumbuka uso wa binti yule akieleza makombo. Kisha nikamkumbuka Vasantrao akifuta miwani. Alama.

Ijumaa, 6 Septemba

Kijani! Kuanzia juu mpaka chini! Aniruddha kanishika bega mbele ya watu wote, kasema kumbe wazee bado mna moto. Kampigia Nimbalkar palepale. Mrunmayee hakupiga makofi. Kasogelea skrini, kanitazama mimi, kaitazama tena skrini. Kaniuliza nimesafishaje mia nne kwa siku nne. Nimemwambia kwa maombi. Siyo uongo, niliomba.

Kasema vizuri, Mjomba. Karudi mezani kwake. Anapoacha kusema ndipo ananitisha.

Nyumbani Sulabha yuko kwenye mfungo wa Hartalika, hata tone la maji, anamwombea mumewe maisha marefu. Kaniambia mwaka huu ameongeza na ombi la busara, kwa sababu maisha marefu bila busara ni mzigo kwa majirani. Njaa inamfanya aseme wazi.

Lakini bado sijaandika jambo kubwa. Kesho, kwenye arati, ile ibada ya nyimbo na taa, Mkono ndio utakaozungusha taa mbele ya Ganapati. Kila mwaka unazungusha, desturi ya Mzee Limaye. Na kila mwaka unatikisika, kidogo tu, tik, tik, tik, kama mzee anayeshuka ngazi. Ni ile hatua ya nusu digrii. Safari hii Nimbalkar atakuwepo, na mkewe. Nimetaka duara liteleze kama samli. Nimebadilisha hatua, badala ya nusu nimeweka sehemu ya kumi. Namba moja tu nimegusa.

Nimejaribu. Ajabu! Laini kama hariri. Sikungoja duara likamilike, maana Aniruddha aliita tukashushe vipaza sauti, nikauzima kwenye swichi.

Jumanne Mrunmayee alisema kitu kuhusu hatua. Sikumbuki ni nini hasa. Kingekuwa muhimu angekirudia.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika mkono ukinuka samli ya taa. Mkono wangu, huu wa nyama.

Asubuhi ilikuwa ya baraka. Ganapati kaingia karakana kwa ngoma, kakaa juu ya meza ya kuchomelea tuliyoitandika kitambaa cha dhahabu. Majani ya durva, maua mekundu, modak za Sulabha, vitafunio anavyovipenda Ganapati, zimepangwa, nazi na sukari guru zinachuruzika. Wafanyakazi wote, wake zao, majirani wa karakana ya pembeni. Nimbalkar mtu mnene mpole, amevaa kilemba, kaomba mwenyewe ashike matoazi. Nikamwona Mzee Limaye kwa macho ya moyo, amesimama palepale pake karibu na mashine ya kukerezea. Na Vasantrao kando yake, anaimba nje ya sauti kama kawaida.

Nimebonyeza. Mkono ukainuka na taa ukaanza kuzungusha, kushoto kwenda kulia kupitia juu, laini, laini, watu wakavuta pumzi. Tukaanza kuimba. Mke wa Nimbalkar kafunga macho. Nimeona fahari ambayo nitatakiwa kuitubia.

Mpango wa kila mwaka ni huu: duara saba, Mkono unasimama juu kabisa, wimbo unaisha, tunawasha kafuri, basi. Tukamaliza wimbo. Mkono haukusimama.

Sasa nani atanyamaza na taa bado inazunguka mbele ya Mungu? Hakuna. Tukaanza wimbo wa pili. Ukaisha. Taa inazunguka. Tukaimba na za miungu mingine, wa Shankara, wa Devi, wa Vitthala. Mfanyakazi mmoja kutoka Konkan kaanzisha wa kijijini kwao ambao hakuna mwingine anayeujua, tukamfuata kwa kukisia. Matoazi ya Nimbalkar yalianza kuchoka, akabadilisha mkono. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiko hatua mbili kutoka nilipo. Nikamtazama Aniruddha, Aniruddha akanitazama. Kukata arati katikati, taa inawaka? Mbele ya mteja? Siku ya kwanza ya Ganapati? Hata mlinzi, ambaye haogopi mbwa wala polisi, alikuwa anatazama kitufe kile kama nyoka.

Samli ikaanza kupungua. Mwali ukafifia. Taa ikizimika yenyewe ni mkosi mkubwa zaidi. Sulabha, mke wangu, Mungu ampe pepo, kachukua kijiko na kopo la samli, kaanza kuifuata taa, inapanda naye anapanda kwa vidole vya miguu, inashuka naye anainama, anaijaza huku anaimba. Watu wakadhani ndiyo desturi ya hapa. Mke wa Nimbalkar kaomba na yeye apewe kijiko.

Sauti zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa tunakoroma, siyo kuimba.

Mrunmayee kanisogelea ubavuni. Kaendelea kupiga makofi. Kasema kwa sauti ya chini, usoni anatabasamu kwa wageni:

"Mjomba, umebadilisha hatua?"

"Sehemu ya kumi," nikasema ndani ya kiitikio.

Hakunilaumu. Kafunga macho kidogo, kama mtu aliyepigwa na harufu. Kisha kapita mbele, kakunja viganja kumsalimu Ganapati, kaingoja taa ifike usawa wa kifua, kainyanyua na sahani yake kutoka kwenye Mkono. Taa haikuyumba. Duara halikukatika. Kageuka nayo ikiwa bado inazunguka, kaniletea.

"Shika, Mjomba. Malizia."

Nikaipokea. Nikazungusha mara moja kwa mkono wangu, polepole, mpaka juu. Nikasimama. Wimbo ukasimama. Nyuma yangu Aniruddha kauvuka ule umbali wa hatua mbili kama mtu anayekimbilia treni, kabonyeza kitufe chekundu. Mkono ukaganda katikati ya hewa, mtupu.

Nimbalkar alikuwa analia. Kasema hajawahi kuona arati ya ibada kiasi kile. Kisha kafuta macho, kamwuliza Aniruddha, kwa upole wake uleule: na ikiwa maziwa?

Jumapili, 8 Septemba

Sina sauti. Hakuna karakana nzima aliye na sauti. Aniruddha katuita mimi na Mrunmayee, tukazungumza kwa kunong'ona kama wezi.

Mrunmayee kaziondoa alama zangu zote mara moja, kwa amri moja tu. Zilinichukua kutwa nzima! Wekundu ukarudi, mia nne na ushee, na pale kwenye duara Mkaguzi kasema neno lilelile alilosema Jumanne. Aniruddha kasoma sababu yangu. "Sababu: Vasantrao." Kashuka chini, ileile. Kashuka tena, ileile. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema Nimbalkar atauchukua Mkono, lakini kwa programu safi ya kweli. Na kwamba yeye ameamua, itaandikwa upya yote. Kasema samahani, Mzee.

Nimetazama sakafu. Sakafu ile tuliimwagia saruji wenyewe, mimi na Vasantrao na Mzee Limaye, kiatu cha Vasantrao kimeacha alama karibu na mlango hadi leo. Nikaona kwamba kila kitu chake hapa kitabaki isipokuwa kile alichokipenda.

Mrunmayee kasema hapana.

Kasema mifupa ya programu ni mizima, ameisoma yote. Kasema maonyo mengi ni ya kufagia tu, machache ni ya kweli, na la duara linaponywa kwa alama moja. Badala ya kuuliza kama imelingana, tuulize kama imefika au imepita. Kwisha. Kuiandika upya ni kutupa miaka ya mkono kuzoea. Kisha kanigeukia mimi.

"Ila nieleze kitu, Mjomba. Huyu anayeandika habari za bhaji ni nani?"

Aniruddha katoka nje, kasema anakwenda kutafuta chai ya tangawizi. Alikaa sana kwa mtu anayetafuta chai.

Ijumaa, 13 Septemba

Wiki hii sijapanga hila yoyote. Sijapata nafasi. Tunafagia, mimi na binti huyu, onyo baada ya onyo. Faili limefungwa. Vitu vilivyotumika kabla ya kupewa thamani vimepewa thamani. Kimoja kilikuwa cha kiwiko, pale Vasantrao aliposema tusipaguse. Mrunmayee kaeleza kwa nini pale pamekuwa pakifanya kazi miaka yote: kwa bahati. Nimemwambia Vasantrao alikuwa mtu wa bahati. Kasema inaonekana.

Kila tukikuta maneno yake ananisomea kwa sauti yake inayorudi kidogo kidogo, nami nasimulia. Skuta. Mwavuli. Siku umeme ulipokatika tukapoteza kazi ya kutwa, Vasantrao akaenda kununua mikate miwili ya vada pav, akaniambia kula kwanza, hasira inataka tumbo lililojaa. Siku tuliyouvalisha Mkono kofia ya Mzee Limaye. Hakufuta neno hata moja. Pale kwenye bhaji kaongeza la kwake chini: "Mimi pia nimeonja. Chumvi sawa sasa."

Mkaguzi anazidi kunyamaza, safari hii kwa hiari yake. Nimeanza kumheshimu. Ni kama mama mkwe: anachosema kina ukweli, ila ni namna tu anavyokaa mlangoni.

Jumanne, 17 Septemba

Leo sikukuu imeisha na Ganapati karudi majini, sanamu yake tumeizamisha. Tumemsindikiza kwa ngoma mpaka kwenye birika la manispaa, nimemnong'oneza sikioni shida zangu kama kila mwaka, tumemwambia awahi kurudi. Nyumba bila yeye inakuwa kubwa ghafla. Karakana pia.

Kesho asubuhi lori linakuja kuuchukua Mkono. Programu ni kijani, kijani ya halali. Nimbalkar ametumiwa ripoti, kajibu kwa maneno marefu ya baraka. Wenzangu wameondoka wakiwa na gulali, ule unga mwekundu wa sherehe, kwenye nywele. Nimebaki kidogo, jua bado liko dirishani, nikauwashia Mkono kompyuta yake nimuage Vasantrao.

Nimesoma yote, tangu mvua mpaka bhaji. Nikafika kwenye duara.

Alama ya Mrunmayee imekaa pale. Ni sahihi. Ninajua ni sahihi. Lakini ni alama yenye ncha, kama mdomo wa kunguru, na mstari mmoja pembeni, peke yake. Ya Vasantrao ilikuwa mistari miwili. Miwili midogo, urefu mmoja, inaendana sambamba. Ndivyo tulivyoandika kulingana. Aliipiga kwenye kibodi kwa vidole viwili, tak, tak, akaniambia, tazama Dattu, huyu mimi, huyu wewe, juu ya skuta.

Nimeifuta skrini kwa shati.

Na tena, nimewaza, hitilafu yote ilitokana na arati. Kuimba kunachanganya mambo. Kolhapur hawaimbi, wanakoroga. Hatua nimeiacha sehemu ya kumi, maana Nimbalkar ameipenda ile laini. Mungu ni mwingi wa rehema, na makombo ni madogo.

Nimeirudisha mistari miwili. Pembeni nimemwekea Mkaguzi alama, aipite kimya. Na sababu nimeandika.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku njema. Kichwa chepesi. Sulabha kakaanga bhaji, chumvi sawasawa kabisa, nimekula nane.

Wakati wa chai Nimbalkar kapiga simu kutoka Kolhapur. Kaanza na salamu, kaulizia afya ya mke wangu na kijiko chake. Kisha kasema Mkono umefika salama, umefungwa, umeanza kukoroga tangu asubuhi. Laini ajabu. Wafanyakazi wake wameacha kazi wanautazama. Kauliza tu, kwa upole wake, unasimama lini, kwa sababu maziwa yameshakuwa halua, na halua inaelekea kuwa kitu kingine.

Mrunmayee alikuwa meza ya pili, kainua kichwa.

Nimegeukia dirishani na simu yangu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, aendelee kuongeza maziwa.